Mgeni Aje, Mwenyeji Naye Aende

Kila mwaka hospitali zetu za Unguja na Pemba hupokea wanafunzi wa udaktari kutoka nchi za ng'ambo. Huja kwa wiki nne, sita au nane, hasa inapoingia likizo ya kiangazi huko Ulaya. Huvaa makoti yao meupe, hufuatana na madaktari wetu wanapowapitia wagonjwa wodini asubuhi, husikiliza, huuliza, huandika, kisha hurudi makwao na ujuzi ambao vyuo vyao, pamoja na utajiri wao wote, visingeweza kuwapa. Watu wa visiwa hivi hawana kinyongo na jambo hilo. Sisi ni watu wa bandari; tumezaliwa tukiona majahazi yakiingia na kutoka, na wahenga walikwisha kutuambia: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini jahazi lililokuja na kaskazi haliondoki tupu wakati wa kusi; huondoka na shehena. Kwa hiyo swali tunaloliweka leo mbele ya wasomaji wetu, na hasa mbele ya wakuu wenye dhamana ya afya na elimu, ni hili: je, vijana wetu wanaosomea udaktari nao wanapata kwenda huko wanakotoka wageni wetu, wakapokelewa kwa heshima ileile na kufundishwa kwa moyo uleule? Ikiwa wanaokuja ni wengi na wanaokwenda ni wachache, basi jambo hilo lisiitwe mabadilishano. Mabadilishano ni nipe nikupe. Kinachokwenda upande mmoja kina jina jingine.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Serikali ilitangaza mwaka huohuo kwamba wananchi watatibiwa bila ya malipo. Ahadi hiyo ilihitaji madaktari, na madaktari hawapatikani kwa tangazo. Ndipo zikafunguliwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya marafiki kuja kwetu: mwaka huohuo wa 1964 Jamhuri ya Watu wa China ilituletea timu yake ya kwanza ya madaktari, na hadi leo Jimbo la Jiangsu limeendelea kuleta timu zinazofanya kazi Mnazi Mmoja na katika Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Njia ya pili ilikuwa ya vijana wetu kwenda kusoma Ujerumani ya Mashariki, Urusi, China na baadaye Cuba. Waliokwenda Urusi walianza kwa kukaa mwaka mzima wakijifunza lugha, kabla ya kufungua kitabu cha kwanza cha mwili wa binadamu. Hapakuwa na aliyeona ajabu wakati ule hospitali yetu kuu ilipoitwa Hospitali ya V. I. Lenin.

Njia hizo zilituletea manufaa makubwa. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2007 rafiki zetu wa Cuba walitufungulia njia ya tatu. Kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sayansi za Tiba cha Matanzas, mafunzo ya udaktari yalianzishwa hapahapa Zanzibar: walimu ndio waliovuka bahari, na wanafunzi wakabaki nyumbani karibu na wagonjwa ambao mwishowe wangekuja kuwatibu. Leo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinafundisha madaktari, na hilo ni jambo la fahari kwa visiwa ambavyo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773.

Lakini kwa kuwa sasa tunasomesha madaktari wetu wenyewe, haja yetu imebadilika. Zamani tulimpeleka kijana nje miaka sita kwa sababu hapa hapakuwa na pa kumsomesha. Sasa anasoma nyumbani, na anachohitaji ni kutoka kwa muda mfupi ili aone namna wenzake wanavyofanya kazi ileile kwa vyombo vingine na kwa desturi nyingine. Kijana asiyewahi kutoka huweza kudhani kwamba upungufu anaouona wodini ni sheria ya maumbile. Akitoka akaona wodi ya watoto wachanga inavyopangwa mahali pengine, akaona namna faili la mgonjwa linavyotunzwa, namna muuguzi anavyosikilizwa anapomwambia daktari kwamba dawa iliyoandikwa imezidi kipimo, hurudi akijua kwamba mengi katika hayo hayadai fedha bali yanadai utaratibu. Elimu ya namna hiyo ni nadra kuipata vitabuni. Hupatikana kwa kukaa na watu.

Wala safari ya elimu ya tiba haikuwahi kuwa ya upande mmoja katika historia. Sisi tuliolelewa katika vyuo vya Kurani tulisikia tangu utotoni wasia wa kuifuata elimu hata ikiwa mbali kama China. Na elimu yenyewe ilisafiri pande zote. Kitabu cha Kanuni ya Tiba cha Ibn Sina kilifasiriwa kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12, na vyuo vikuu vya Ulaya vikakisomesha kwa karne kadhaa. Wale wanaodhani kwamba siku zote Ulaya ni mwalimu na wengine ni wanafunzi, hawajaisoma historia ya kazi yao wenyewe.

Sasa tutazame mabadilishano ya haki yanafananaje, maana hatuzungumzii ndoto. Mwaka 1951 wanafunzi wa udaktari wa nchi kadhaa za Ulaya walikutana Copenhagen, wakaunda Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Wanafunzi wa Udaktari, linalojulikana kwa herufi za IFMSA. Vita vikuu vilikuwa vimemalizika miaka sita tu iliyopita, na vijana hao waliona kwamba madaktari wa kesho hawana budi kujuana. Utaratibu wao wa kubadilishana wanafunzi ni mwepesi kuueleza. Chama cha nchi moja hufunga mkataba na chama cha nchi nyingine kwamba mwanafunzi mmoja akija, mmoja huenda. Muda ni wiki nne kwa kawaida. Mwenyeji humpa mgeni wake mahali pa kulala na angalau mlo mmoja kwa siku, na humtafutia daktari wa kumsimamia. Chama cha Wanafunzi wa Udaktari wa Tanzania, TAMSA, ni mwanachama wa Shirikisho hilo.

Msomaji atazame uzuri wa hesabu hiyo. Nchi tajiri haihesabiwi wawili wala nchi maskini nusu. Kitanda kimoja cha Unguja ni sawa na kitanda kimoja cha Ulaya. Huo ndio msingi tunaotaka uingie katika kila mkataba unaohusu hospitali zetu na wanafunzi wa nje.

Mfano mwingine uko hapahapa mlangoni. Hospitali ya Mnazi Mmoja na Hospitali ya Chuo Kikuu ya Haukeland, huko Bergen nchini Norway, zimekuwa na ushirikiano ambao ulileta wauguzi na wataalamu wa Bergen kufanya kazi Unguja, na ukawapeleka watumishi wa Mnazi Mmoja kufanya kazi Bergen, kwa msaada wa fedha za Serikali ya Norway. Hao walikuwa watumishi, si wanafunzi. Lakini funzo ni lilelile. Pande mbili zikikaa zikaandikiana, watu huenda na watu huja, na hakuna anayeona kwamba ametumiwa.

Yupo atakayeuliza: sisi tuna nini cha kumfundisha kijana wa Ulaya hata tudai nafasi kwake? Swali hilo linatokana na mazoea ya kujidharau, na hatuna budi kulijibu kwa mambo yaliyotendeka. Visiwa hivi, kwa dawa mseto zilizoanza kutumika mwaka 2003, kisha kwa vyandarua vyenye dawa na upigaji dawa majumbani, vilishusha maambukizo ya malaria hadi chini ya asilimia 1. Ugonjwa huo hujaribu kurudi kila tunapolegea, na hilo lenyewe ni somo. Huko Wawi, Chake Chake, iko Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 kwa ushirikiano na rafiki zetu wa Italia, ambako utafiti wa minyoo na kichocho umefanywa na vijana wa Kipemba na kusomwa duniani. China, ambayo watu wake wa kando ya Mto Yangtze waliteswa na kichocho kwa vizazi, ilituma wataalamu wa Jiangsu kuja Pemba mwaka 2017 kupambana na konokono wanaobeba ugonjwa huo, kufuatia makubaliano yaliyotiwa saini mwaka 2014 pamoja na Shirika la Afya Duniani. Walikuja na ujuzi wao, wakatukuta na wetu.

Zaidi ya hayo, mwanafunzi wa nje akija hapa hujifunza kumtazama mgonjwa kwa macho, masikio na mikono kabla ya kuomba picha na vipimo. Hukutana na mkunga aliyepokea watoto wengi kuliko daktari bingwa wa kwao. Hicho tunachompa kina thamani, na kitu chenye thamani hakitolewi bure milele.

Tunajua vikwazo viko wapi, na si haki kuvificha. Mwanafunzi wa Ulaya anayetaka kuja Zanzibar hununua tiketi yake na kulipia viza yake, na safari yake imekwisha tengenea. Mwanafunzi wetu anayetaka kwenda kwao huombwa taarifa za benki ambayo baba yake mvuvi hana, barua za udhamini, bima, na ada ya maombi ambayo hairudishwi hata akikataliwa. Akibahatika kufika, katika hospitali nyingi za Ulaya na Marekani huambiwa atazame tu, asiguse, kwa kuwa hana usajili. Hatulaumu sheria hiyo. Inamlinda mgonjwa wao. Tunachosema ni kwamba mgonjwa wetu naye ana haki ya kulindwa vivyo hivyo. Asiloruhusiwa mwanafunzi kulifanya kwao, asilifanye kwetu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo linalowagusa wananchi wote, hata wale wasio na mtoto chuoni. Mgonjwa si ubao wa kuandikia. Mama aliyelala wodi ya wazazi ana haki ya kuambiwa, kwa Kiswahili na kwa upole, kwamba huyu kijana aliyesimama mbele yake ni mwanafunzi, si daktari, na ana haki ya kusema hapana bila ya kuogopa kwamba atatibiwa vibaya. Anayekuja kujifunza kwetu na ajifunze kwanza maamkizi yetu, na maneno ya kumuuliza mtu panapomuuma. Mwaka 2010 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali lilichapisha miongozo ya maadili juu ya mafunzo ya namna hii. Miongozo hiyo ilitaka faida iwe ya pande zote mbili, na gharama anazobeba mwenyeji zihesabiwe na kurudishwa. Daktari wetu anayetumia saa nzima ya asubuhi kumfundisha mgeni ameitoa saa hiyo kwa wagonjwa wake na kwa wanafunzi wa nyumbani. Hiyo nayo ni gharama.

Wako wanaosema kwamba ada inayolipwa na wageni inatosha kuwa malipo. Hatukubaliani nao. Ada ikiingia katika matumizi ya kila siku huyeyuka kama chumvi majini, na mwakani hakuna awezaye kuonyesha ilizaa nini. Lakini ada hiyohiyo ikiwekwa katika mfuko mmoja uliotajwa kwa jina, kwa kazi moja ya kuwalipia vijana wetu nauli na viza, wageni kadhaa wanaokuja wangeweza kumpeleka mwenyeji mmoja. Hapo ukarimu wetu ungekuwa umezaa.

Wako pia wanaohofia kwamba kijana akishaonja ng'ambo hatarudi. Hofu hiyo ina msingi. Mwezi Mei 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni juu ya nchi tajiri kuajiri watumishi wa afya wa nchi nyingine, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania katika orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi hao, ambazo hazifai kuchotwa ovyo. Hata hivyo, tusichanganye mambo. Anayekwenda wiki nne bado ni mwanafunzi. Hana shahada ya kuuza, na masomo yake yanamngoja nyumbani. Anayehama kwa kawaida ni daktari aliyekwisha hitimu, aliyekaa miaka bila ya kupandishwa daraja, katika kituo kisicho na nyumba wala vifaa. Dawa ya hilo ni kuitengeneza kazi yenyewe. Kumfungia mwanafunzi mlango hakumtibu daktari aliyechoka.

Cuba imetupa mfano unaofaa kutazamwa. Baada ya vimbunga vya Georges na Mitch kuziharibu nchi za Karibi na Amerika ya Kati mwaka 1998, taifa hilo lisilo tajiri lilifungua mjini Havana, mwaka 1999, Skuli ya Udaktari ya Amerika ya Kilatini, katika majengo yaliyokuwa chuo cha wanamaji. Vijana wa nchi nyingi walisomeshwa bila ya malipo, na walichotakiwa ni kurudi kuwatumikia watu wa chini walikotoka. Nchi isiyo na mali nayo yaweza kuwa mwenyeji na kuweka masharti yake kwa heshima.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo, na tunaomba yazingatiwe.

La kwanza, kila mkataba wa kupokea wanafunzi wa nje utaje wazi nafasi ambazo vijana wetu watapata kwa upande wa pili, na nani atalipa nini. Mkataba usiotaja nafasi hizo usitiwe saini. Na kila mwaka Wizara isome hesabu hadharani: wameingia wangapi, wametoka wangapi, na fedha zimekwenda wapi.

La pili, afya si jambo la Muungano, lakini mambo ya nje na elimu ya juu ni mambo ya Muungano. Viza haziombwi na hospitali. Huzungumzwa na mabalozi. Basi Wizara ya Afya ya Zanzibar na wizara za Muungano zinazohusika hazina budi kukaa meza moja, ili chuo cha nje kinapoomba kuleta wanafunzi wake, ubalozi wa nchi yake nao uombwe kuwarahisishia njia wanafunzi wetu.

La tatu, uchaguzi uwe wa haki. Tunalisema hili waziwazi, kwa sababu ndilo litakaloamua kama umma utauamini mpango huu. Nafasi zisigawiwe kwa kujuana, wala kwa jina la baba. Majina ya walioomba na ya waliochaguliwa yabandikwe ubaoni, pamoja na sababu. Mtoto wa mkulima wa karafuu wa Wete na binti wa mkulima wa mwani wa Paje wapimwe kwa mizani moja na mtoto wa mkurugenzi. Uongozi ni dhamana, na dhamana hairithishwi.

La nne, tusidhani kwamba ng'ambo ni Ulaya tu. Muhimbili iko mwendo mfupi wa boti. KCMC iko Moshi, Makerere iko Kampala, na ndugu zetu wa Komoro tunashirikiana nao dini, damu na maradhi. Mwezi mmoja Makerere hugharimu sehemu ndogo ya mwezi mmoja Bergen, na mwanafunzi huona magonjwa yaleyale yakitibiwa kwa akili nyingine. Tuanze na tunachokiweza, huku tukidai tunachostahiki.

La tano, anayekwenda arudi na kitu. Kila mwanafunzi aliyetoka asimame mbele ya wenzake na walimu wake, na mbele ya wauguzi, aeleze kwa Kiswahili jambo moja aliloliona ambalo laweza kufanywa hapa kwa vifaa tulivyo navyo. Kisha lijaribiwe. Safari isiyoacha alama wodini ni matembezi.

Tunamalizia kwa kusema kwamba madai haya si ya kumfungia mgeni mlango. Mlango wa Zanzibar haukupata kufungwa na watu wake kwa mtu aliyekuja kwa wema, na hatutaki ufungwe leo. Wahenga hao hao walisema pia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wetu wamekuwa nasi kwa miaka mingi sasa, na wengi wao ni vijana wema ambao wangelipenda wenzao wa hapa wapate walichopata wao. Wapewe jembe hilo. Jembe lenyewe ni mkataba wa haki, na shamba ni afya ya watu wetu wa Unguja na Pemba, ambao siku moja watalala juu ya kitanda wakimtazama daktari kijana na kutaraji kwamba amefundishwa vizuri kadiri ilivyowezekana. Ni wajibu wa Serikali, wa vyuo na wetu sote kuhakikisha kwamba matarajio hayo hayaendi bure.